Matumbawe ya Staa Yalipauka, Dogo Akafukuzwa: Ukweli wa Lile Tangi Huu Hapa

Najua wengi mmeingia hapa kwa ajili ya ubuyu, na ubuyu upo, ila leo naomba msome taratibu. Hii sio ya nani kaachana na nani. Hii ni ya tangi la samaki, na imemgusa mtu wa damu yangu, kwa hiyo sitaandika kama ninavyoandikaga siku zote.

Yule dada staa simtaji. Ukimjua, mjue kimoyomoyo. Hapa nitamwita Madam, maana ndivyo wanavyomuita nyumbani kwake. Ni yule ambaye mwaka mzima alikuwa anatupostia sebule yake yenye tangi kubwa la maji ya bahari, lita 600, taa za bluu, samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na vitu kama maua vinacheza ndani ya maji. Kila akiposti, komenti zinajaa mioyo. Halafu ghafla akaposti video ya tangi lilelile, yale maua yamekuwa meupe kama chaki, na maneno kwamba kuna mtu ndani ya nyumba kamuonea wivu, kamharibia, na Mungu atamlipa.

Mtu mwenyewe ni mtoto wa mama yangu mdogo. Tumekua wote hapa Turiani, mimi namuita Dogo, yeye ananiita dada. Alikuwa kijana wa kazi pale kwa Madam, anaosha magari, anamwagilia bustani, na kazi yake ya tatu ilikuwa kuangalia tangi. Alirudi huku na begi moja, mshahara wa miezi miwili haujalipwa, shilingi 240,000, na nyuma yake maneno mawili. La kwanza, kwamba alimwaga jiki kwenye tangi. La pili, na hili ndo lilimtoa mama mdogo machozi, kwamba watu wa Morogoro wanajua mambo, huyu kaja na dawa kutoka milimani.

Sasa nyie mnaoishi mjini mnaweza kucheka. Huku kwetu neno kama hilo halichekeshi. Mtu akishaitwa hivyo, hata harusi anaalikwa kwa kuogopwa. Bibi yetu alikaa siku mbili hataki kutoka nje.

Nikaona, mimi naandika habari za watu kila wiki, hii ya ndugu yangu nitashindwaje kuifuatilia? Nikaanza na swali moja tu. Hayo matumbawe yalikufa kwa nini?

Kwanza tujuane na tumbawe

Mimi ni mtu wa bara. Maji ninayoyajua ni ya mto Diwale na mifereji ya mashamba ya mpunga na miwa. Kidato cha nne nilisoma baiolojia ya kukariri, nikamaliza, basi. Kwa hiyo mwanzoni nilidhani matumbawe ni mawe, au ni majani ya baharini. Kumbe wala.

Tumbawe ni mnyama. Tena sio mmoja, ni kundi la wanyama wadogowadogo sana wameshikana. Kila mmoja ana mdomo na vimkono vinavyochoma, wa usiku anavitoa kudaka vijidudu vinavyopita kwenye maji. Wale wa aina ngumu wanajijengea nyumba ya chokaa chini yao, na hizo nyumba zikijengwa juu ya nyumba miaka na miaka ndo unapata mwamba ule ambao wavuvi wa pwani wanaujua.

Sasa kitu kilichonishangaza zaidi ni hiki. Huyu mnyama ana wapangaji. Ndani ya nyama yake wanaishi mwani wadogo ambao huwezi kuwaona kwa macho. Wale mwani wanachukua mwanga, wanapika sukari, na sehemu kubwa ya chakula cha tumbawe inatoka kwao. Tumbawe nalo linawapa mahali pa kukaa na mabaki yake kama mbolea. Rangi unazoziona, ile kahawia na kijani, nyingi zinatokana na hao wapangaji.

Hali ikiharibika, wapangaji wanafukuzwa au wanatoka. Nyama ya tumbawe inabaki kama nailoni, unaona mpaka mfupa wa chokaa chini. Ndo ule weupe. Hiyo inaitwa kupauka. Na shikeni neno hili kwa sababu litarudi: kupauka sio kufa. Tumbawe lililopauka bado lipo hai, ila lina njaa. Hali ikirudi vizuri mapema, wapangaji wanarudi na rangi inarudi. Ikichelewa, linakufa kweli.

Daftari la Dogo

Dogo hakusoma sana, lakini ana tabia moja tangu utotoni, anaandika. Akipewa kazi anafungua daftari. Pale kwa Madam alikuwa na daftari la kurasa 48 la tangi peke yake. Tarehe, joto la maji, samaki wamekula nini, maji yamebadilishwa lita ngapi. Fundi wa kwanza wa lile tangi, mzee mmoja wa pwani, ndo alimfundisha hivyo, na alimwachia kile kiboksi cha kupimia maji, unatia matone kwenye kichupa, maji yanabadilika rangi, unalinganisha na kadi.

Nilikaa naye kibarazani kwa mama mdogo tukalisoma ukurasa kwa ukurasa. Na simu yake ilikuwa na picha, kila Jumamosi picha moja, pembe ileile.

Miezi kumi hakuna tatizo. Joto nyuzi 26 muda wote. Nitrati 10, fosfeti 0.1. Hivyo ni vipimo vya uchafu unaotokana na mavi ya samaki na mabaki ya chakula. Maji yana unjano kidogo ukiyaangalia kwa upande, mwani wa kijani unaota kwenye kioo, Dogo anaukwangua kwa kadi ya zamani ya benki. Na matumbawe yananawiri.

Halafu kuna Jumamosi imeandikwa kwa kalamu nyekundu: "Fundi mpya. Filta yote imebadilishwa."

Stori yenyewe ni kwamba Madam alikuwa na wageni wa kupiga picha wiki inayofuata. Akaona tangi halimetameti. Akaletewa fundi mwingine, simjui na hata ningemjua nisingemuandika. Yule fundi alifanya kazi safi kwa macho. Alitoa sponji zote za zamani akazitupa. Alitoa zile kauri za ndani ya filta, akaziosha chini ya bomba la uani mpaka zikawa kama mpya. Akafunga filta mpya yenye nguvu mara mbili, ndani akajaza mkaa maalumu wa kusafisha maji, na mfuko wa zile punje za rangi ya kutu zinazonyonya fosfeti. Kwa siku moja. Saa nne asubuhi kaanza, saa tisa kamaliza, kalipwa kaondoka.

Jioni maji yaling'aa mpaka ungedhani tangi halina maji. Madam alifurahi, akaposti. Ile posti wengi wenu mliipenda.

Siku ya tatu, Dogo kaandika: "Yale ya matawi hayatoi mikono usiku." Siku ya sita: "Ncha nyeupe." Siku ya tisa: "Manne meupe yote. Nimemwambia bosi. Kasema niache uchuro." Siku hiyohiyo alipima maji. Nitrati sifuri. Fosfeti sifuri. Siku ya kumi na mbili kafukuzwa.

Haikuwa jiki, na sababu ninayo

Tuanze na ile tuhuma. Jiki ni klorini. Ukiimwaga kwenye tangi, wa kwanza kufa ni samaki na kamba wadogo, na wanakufa haraka. Kwenye picha za siku ya tisa na ya kumi na mbili samaki wote wapo, nimewahesabu, saba, na kamba wawili wako juu ya jiwe. Wanakula. Sumu gani inachagua matumbawe inaacha kamba?

Basi nikafikiria, labda ni zile kauri zilizooshwa bombani? Hapo kuna jambo la kweli. Ndani ya filta ya zamani kuna bakteria wengi mno, na hao ndo wafanyakazi halisi wa tangi. Samaki akijisaidia inatoka amonia, ambayo ni sumu. Kundi moja la bakteria linaigeuza amonia kuwa nitriti, kundi jingine linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina makali sana. Ukiosha filta kwa maji ya bomba yenye klorini unawaua wafanyakazi, amonia inapanda, samaki wanaanza kuhema juujuu. Kwenye tangi la Madam hilo halikuonekana, kwa sababu mawe makubwa ya ndani yalibaki, na bakteria wanakaa kwenye mawe pia. Mawe yaliwaokoa samaki.

Kwa hiyo kilichoyapiga matumbawe ni vitu viwili vilivyokuja pamoja.

Cha kwanza ni njaa. Wale wapangaji wadogo ndani ya tumbawe wanahitaji mbolea, na mbolea yao ni hizohizo nitrati na fosfeti tunazoziita uchafu. Zikizidi ni tatizo, mwani mwingine unajaa na matumbawe yanasongwa. Lakini zikiisha kabisa ni tatizo jingine. Wanasayansi wa maabara ya matumbawe ya Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, wakiongozwa na Jörg Wiedenmann, wamelifanyia kazi jambo hili kwenye matangi yao. Mwaka 2013 walieleza jinsi mwani wa ndani wakikosa fosfeti huku virutubisho vingine vipo, tumbawe linakuwa jepesi kupauka likipigwa na joto au mwanga. Mwaka 2017 wakatoa kazi nyingine inayoonyesha kwamba upungufu wa fosfeti wenyewe unasukuma tumbawe kwenye kupauka. Na pale kwa Madam, fosfeti ilitolewa kutoka 0.1 mpaka sifuri ndani ya siku chache.

Cha pili ni mwanga. Ule unjano wa maji ulikuwa kama miwani ya jua. Mkaa maalumu uliutoa wote. Taa ni zilezile, hakuna aliyegusa swichi, ila mwanga unaofika chini ukaongezeka ghafla. Fikiria umekaa gizani miezi kumi halafu mtu anafungua pazia saa sita mchana. Mwani wa ndani wakipata mwanga mwingi kuliko uwezo wao wanatengeneza sumu zinazomuumiza mwenye nyumba, naye anawafukuza.

Njaa na mwanga, wiki moja. Hapo uchawi unaingilia wapi?

Mtu wa Morogoro, hii stori ni ya kwetu pia

Mama mdogo aliponisikia naeleza akaniuliza, "Yaani mnyama afe kwa sababu maji yamekuwa masafi?" Nikamjibu kwa mfano wa hapahapa mkoani.

Kule kusini, kwenye milima ya Udzungwa, kuna korongo la Kihansi. Mto ulikuwa unaanguka kwa nguvu mpaka unatoa ukungu wa maji muda wote, na ndani ya ukungu huo, eneo dogo la kama hekta mbili tu, waliishi vyura wadogo wa njano, wanaenea juu ya ukucha wa dole gumba wakiwa wachanga, na wanazaa watoto kamili badala ya kutaga mayai. Wataalamu waliwagundua mwaka 1996, na jina lao la kisayansi likatoka mwaka 1999. Dunia nzima hawakuwepo kwingine.

Wakati huohuo linajengwa bwawa la umeme. Umeme wa Kihansi ni megawati 180, na umetuwashia taa wengi wetu, sipingi. Ila maji yalipogeuziwa kwenye mitambo mwaka 2000, sehemu kubwa ya ule mto haikuanguka tena korongoni, na ukungu ukaisha. Hakuna aliyemwaga sumu. Maji tu yalibadilishwa njia.

Mwisho wa mwaka 2000 vyura 499 walikamatwa wakapelekwa Marekani kutunzwa kwenye matangi ya bustani za wanyama. Huko nako wengi walikufa, mpaka wataalamu walipojifunza taratibu wanataka mwanga gani, chakula gani, maji ya namna gani. Waliofaulu ni bustani mbili, Bronx ya New York na Toledo ya Ohio. Huku korongoni zilifungwa bomba za kunyunyizia maji kuiga ukungu, lakini mwaka 2003 vyura waliobaki wakaporomoka, na ugonjwa wa ukungu wa ngozi ukakutwa kwao. Mwaka 2009 wakatangazwa kwamba wametoweka porini. Mwaka 2010 vyura 100 wakarudishwa kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa tena Kihansi.

Miaka kumi na mbili ya kazi, mabara mawili, kwa sababu ya mabadiliko ya maji. Mama mdogo akasema, "Basi wangemuuliza kwanza chura." Tukacheka, ila ndo ukweli wenyewe.

Na bahari yenyewe je?

Wale mnaokwenda Zanzibar kupiga picha, hili ni lenu. Kupauka hakupo kwenye matangi ya matajiri tu. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kali wakati wa El Niño, na matumbawe ya pwani yetu yakapauka. Kule Mafia mwamba wa Tutia ulipigwa vibaya. Mwaka 2016 joto likarudi. Na Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia iko kwenye tukio la nne la kupauka kwa matumbawe duniani kote.

Kuna sehemu zilizoonyesha uvumilivu. Kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Unguja, mwamba wake umelindwa tangu mwaka 1994, hakuna uvuvi, hakuna nanga. Hauwezi kuzuia joto, hakuna mwamba unaoweza, lakini tumbawe ambalo halijachoka kwa vitu vingine lina nafasi nzuri ya kuinuka. Kama mgonjwa aliyekula vizuri kabla ya malaria.

Na kwa wale mtakaoandika hapo chini "nataka na mimi tangi la hivyo", jueni matumbawe magumu yapo kwenye Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES. Kuyavusha mpaka kunahitaji vibali. Mtu akikuuzia la bei chee kutoka kwenye ndoo gizani, jiulize limetoka wapi.

Simu ya usiku

Haya, ubuyu mliokuwa mnausubiri.

Niliandaa kila kitu. Picha kumi na nne kwa mpangilio wa tarehe, kurasa za daftari, na maelezo yangu kwa sauti, dakika sita. Nikamtumia meneja wa Madam kwa WhatsApp. Sikutukana, sikutishia kuanika. Nilimwambia tu, huyu kijana ana jina lake na ana mama yake, angalieni tarehe.

Siku nne tiki mbili za bluu, kimya.

Ya tano, saa nne usiku, simu ya Dogo inaita. Madam mwenyewe. Hakuanza na pole. Alianza na, "Yaliyobaki nifanyeje?"

Mimi nilikuwa pembeni nampa ishara amwambie kwanza pesa, kwanza uombe radhi. Dogo akanipa mgongo. Nitawaambia alichosema kwa sababu kuna mtu hapa ana tangi na kitamsaidia. Alimwambia atoe ule mfuko wa punje za kutu usiku huohuo. Apunguze mkaa, abaki na kidogo. Ashushe taa mpaka nusu, halafu aipandishe taratibu kwa wiki kadhaa. Aongeze chakula cha samaki kidogo, na matumbawe ayalishe chakula chao cha unga usiku yakitoa mikono. Maji abadilishe kidogokidogo, sehemu moja ya kumi kwa wiki, asibadilishe mengi kwa mkupuo. Siku nyingine akitaka kubadilisha filta, aiweke mpya ifanye kazi pamoja na ya zamani wiki nne mpaka sita ndipo aitoe ya zamani. Na sponji zisafishwe kwa maji yaliyotoka ndani ya tangi lenyewe, bomba liachwe.

"Umeandika, bosi?" akauliza. Yule dada wa wafuasi wote wale akajibu, "Ngoja nitafute kalamu."

Nilivyomuuliza kwa nini kamsaidia mtu aliyemchafua, akanijibu, "Dada, matumbawe hayajanikosea kitu."

Kesho yake pesa iliingia kwenye simu, 240,000 kamili, bila ujumbe. Ile posti ya "kuna mtu ndani ya nyumba" ikafutwa. Kuomba radhi hadharani, hakuna mpaka leo. Mnakumbuka alivyotuhumu mbele ya watu wote? Kusafisha alisafishia chumbani.

Matumbawe ya matawi, yale membamba, yalikufa yote manne. Nyama ilichubuka ikabaki chokaa, na mwani wa kahawia ukaota juu. Lakini yale manene ya duara, matatu, Dogo ametumiwa picha, yameanza kurudisha ukijani kwenye mikunjo ya chini. Bado katikati ni meupe. Miezi miwili imepita.

Aliitwa kurudi kazini akakataa. Sasa hivi yupo huku, msimu wa kuvuna miwa, na jioni anasoma kwenye simu habari za ufugaji wa sato. Anachimba bwawa dogo nyuma ya nyumba ya mama mdogo. Filta hana, ana mfereji tu na daftari jipya. Majirani waliokuwa wanapita mbali na ule uzio, wawili wamekuja kuuliza vifaranga vitauzwa lini. Mmoja bado hasalimii. Neno likishatoka halirudi kama rangi ya tumbawe, hilo nimeliona.

Ninachotaka mchukue kwenye hii stori ni kitu kimoja, na sio cha samaki peke yake. Kitu kikiharibika nyumbani kwako, kabla hujamtazama kijana wa kazi, dada wa kazi, au mgeni aliyetoka milimani, tafuta tarehe. Uliza siku gani kiliharibika, na siku gani mlibadilisha kitu. Kwenye tangi la Madam kati ya siku hizo mbili kulikuwa na siku tatu tu, na zimeandikwa kwa kalamu nyekundu. Dogo alizisema kwa mdomo wake, akaambiwa aache uchuro.

Mwenye tangi, niulizeni hapo chini nitamfikishia Dogo. Mwenye stori ya kusingiziwa kazini naye aiandike, majina weka kapuni, tutasoma wote. Na wale wanaotaka kubahatisha Madam ni nani, nitafuta komenti zenu, msiseme sikuwaambia.